Mwani Ukinyimwa Mbolea Hunenepa. Je, Mafuta Nayo Huongezeka?

Haya ni maneno ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya vikundi vya vijana na akina mama, katika kikao cha wazi kuhusu kawi itokanayo na mimea. Yamechapishwa kwa ombi la wakazi ambao hawakuweza kufika.

Asanteni kwa kuacha shughuli zenu siku ya kazi na kuja kwenye jua hili. Nimepewa nusu saa na nitajitahidi nisiipitishe, maana najua kuna waliotoka Marereni na Ganze, na matatu ya kurudi haimngoji mtu.

Nianze na kilichotuleta hapa. Wiki chache zilizopita, baada ya kikao kama hiki, kijana mmoja alinifuata nje akiwa na simu mkononi. Alinionyesha video ya bwawa la kijani kibichi, mtu aliyevaa koti jeupe, na maandishi yanayosema kuwa mwani ule ni asilimia 60 mafuta, na kwamba siri yake ni kuunyima mbolea. Chama chao kimeweka akiba kwa miaka mitatu. Kuna mtu amewaambia waitoe akiba hiyo wachimbe mabwawa, kwa kuwa Kilifi ina jua, ina maji ya bahari, na ina ardhi ya chumvi isiyoota mahindi. Kijana akaniuliza, "Ni kweli ama ni uongo?"

Nilimwambia anipe muda. Jibu nililokuwa nalo lilikuwa la maneno mawili yanayopingana: ni kweli, na usitoe pesa. Jibu la namna hiyo halielezeki mtu akiwa amesimama mlangoni, ndiyo sababu nikaomba nafasi hii.

Na mimi mwenyewe sina mikono safi. Nilipomaliza shahada ya uanahabari, kabla sijaajiriwa na kaunti, niliandika makala kuhusu mwani na mafuta. Niliweka asilimia ileile, nikatafuta kichwa cha habari kikubwa, mhariri akafurahi. Sikuuliza swali ambalo mkulima yeyote aliyeketi hapa angeuliza papo hapo: asilimia 60 ya kiasi gani? Shamba linaweza kukupa mahindi yenye punje nono sana, lakini ukivuna debe moja kwa ekari, unono wa punje hautalipa karo ya mtoto.

Kwanza tuelewane ni mwani upi. Wengi mkisikia neno hilo mnafikiria ule unaofungwa kwenye kamba na akina mama wa Kibuyuni, kule kwa wenzetu wa Kwale. Huo ni mwani mkubwa, unaonekana na kushikika, na wanunuzi wanautaka kwa ajili ya ute wake unaotumiwa viwandani. Ninaozungumzia mimi ni mdogo kiasi kwamba humwoni mmoja wake bila hadubini. Ni ile rangi ya kijani inayoingia kwenye tangi lililoachwa wazi, au kwenye bwawa la samaki likitiwa samadi. Kila mmoja ni seli moja tu, haina mzizi wala shina. Kazi yake ni kunasa jua, kunyonya hewa ya kaboni na madini ndani ya maji, kisha kujigawanya: mmoja ukawa wawili, wawili wakawa wanne. Aina nyingi zikishiba huongezeka maradufu kwa siku moja hivi. Hakuna zao la shambani linalokua kwa mwendo huo, na hapo ndipo matumaini yote yalipoanzia.

Si kila aina ina mafuta. Spirulina, ile inayowalisha heroe wa Bogoria na Nakuru, imejaa protini lakini mafuta yake ni kidogo. Zinazotafutwa na watu wa mafuta zina majina magumu kama Chlorella na Nannochloropsis, pamoja na kundi liitwalo diatomu, ambalo kila seli yake hujijengea ganda la silika, madini yaleyale yanayotengeneza kioo.

Sasa tuje kwenye njaa yenyewe. Ng'ombe akikosa majani hukonda. Hilo hatuhitaji kufundishwa, tumeliona kiangazi baada ya kiangazi. Mwani ukikosa mbolea hunenepa. Mara ya kwanza nilipolisoma jambo hilo nilidhani mwandishi amekosea. Hakukosea, na sababu yake inaeleweka vizuri.

Mwani hauwi na njaa ya kila kitu kwa pamoja. Jua lipo, maji yapo, hewa ya kaboni ipo. Kinachokosekana ni kirutubisho kimoja, mara nyingi nitrojeni, ileile mnayonunua ndani ya gunia la CAN au urea. Nitrojeni ndiyo inayojenga protini, ndiyo iliyomo kwenye vinasaba, ndiyo iliyomo kwenye ile rangi ya kijani inayonasa jua. Bila nitrojeni seli haiwezi kutengeneza seli nyingine.

Mfikirie fundi wa vitanda pale kando ya barabara. Lori linamletea mbao kila asubuhi. Siku moja misumari inakwisha mjini kote. Lori halina habari hiyo, linaendelea kuleta mbao. Fundi afanye nini? Hawezi kuunda kitanda, na hawezi kuzitupa mbao. Anazipanga uani. Uani panajaa mbao, na mpita njia akichungulia atasema, "Fundi huyu ametajirika."

Mbao ni kaboni inayonaswa kwa nguvu ya jua. Misumari ni nitrojeni. Zile mbao zilizopangwa uani ndizo mafuta, pamoja na wanga, maana aina nyingine huanza kwa kuweka wanga kabla ya mafuta. Seli inageuza kaboni isiyo na kazi kuwa akiba, ikingoja siku misumari itakaporudi. Katika diatomu kinachokwisha kinaweza kuwa silika: zikikosa madini ya ganda haziwezi kujigawanya, na huanza kujaza mafuta upesi.

Hata mafuta yenyewe hubadilika. Mwani ulioshiba una mafuta pia, ila mengi yake ni ya kujengea utando wa seli. Ukinyimwa nitrojeni, unaanza kuweka mafuta ya akiba, ya jamaa moja na yale mnayokaangia mahamri jikoni. Hayo ndiyo yanayogeuzwa kwa urahisi kuwa dizeli kwa kuyachanganya na pombe iitwayo methanoli na kichocheo. Kwa hiyo njaa inaongeza mafuta, na inaleta yale hasa yanayotakiwa. Mkiona mwanasayansi amefurahi, ana haki ya kufurahi.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1949 watafiti wawili huko California, Spoehr na Milner, walichapisha matokeo ya kuilea Chlorella katika hali tofautitofauti. Kwa kubadilisha mazingira peke yake, mafuta yalitoka chini ya asilimia 5 yakapita 80. Yaani ile video ya kijana wetu ilikuwa na kiasi kuliko ukweli wa miaka zaidi ya sabini iliyopita.

Basi, kama siri inajulikana tangu wakati wa babu zetu, kwa nini hakuna kituo hata kimoja cha petroli kati ya Mtwapa na Malindi kinachouza mafuta ya mwani?

Rudini kwa yule fundi. Uani pamejaa mbao, lakini vitanda vimesimama. Mwani ulionyimwa nitrojeni huacha kujigawanya. Zaidi ya hapo, seli huanza kubomoa ile rangi yake ya kijani ili iokoe nitrojeni iliyomo ndani yake, na bwawa linageuka manjano. Rangi ikipungua, uwezo wa kunasa jua unapungua. Mwishowe hata lori la mbao linapunguza safari. Una seli nono, lakini ni zilezile za wiki iliyopita, na haziongezeki.

Niruhusuni tupige hesabu pamoja. Tarakimu hizi nimezichagua mwenyewe kwa mfano, ili mwone jinsi hesabu inavyokwenda. Bwawa la kwanza linapata mbolea yote, na kila mita moja ya mraba inatoa gramu 20 za mwani mkavu kwa siku. Mafuta ni asilimia 20. Hiyo ni gramu 4 za mafuta. Bwawa la pili limenyimwa mbolea, mwani una mafuta asilimia 50, lakini ukuaji umeshuka hadi gramu 6 kwa siku. Nusu ya 6 ni 3. Bwawa lenye asilimia 50 limeshindwa na bwawa lenye asilimia 20, na kwenye video lile la pili ndilo linaloonyeshwa.

Tusiishie kwenye mita moja. Ekari moja ina mita za mraba elfu nne na kidogo. Bwawa la kwanza, ekari nzima, litatoa kilo 16 za mafuta kwa siku, kama lita 17 na nusu. Mtungi wa lita 20 haujajaa. La pili litatoa lita 13. Na bwawa la ekari moja lenye kina cha robo mita linabeba maji yapata lita milioni moja. Lita milioni moja za maji, zinazopungua kila siku kwa jua letu hili, kwa mtungi ambao haujajaa! Hapo sijahesabu umeme wa kuyazungusha maji, wala kazi ya kuwatoa mwani ndani yake, ambayo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Bwawa la wazi mara nyingi huwa na karibu nusu gramu ya mwani mkavu kwa kila lita. Chota mtungi mzima wa lita 20, chuja, kausha, utabaki na vijiko viwili vitatu vya chai vya unga wa kijani.

Kuna nchi iliyolipia somo hili kwa pesa nyingi na ikaandika matokeo yake waziwazi. Marekani, baada ya bei ya mafuta kupanda miaka ya sabini, ilianzisha mradi wa utafiti mwaka 1978 chini ya wizara yake ya kawi. Uliendeshwa hadi 1996 na ulitumia kama dola milioni 25. Wataalamu walikusanya aina zaidi ya 3,000 za mwani kutoka baharini, kwenye maziwa na madimbwi ya chumvi, kisha wakazichuja hadi kama 300. Walikuwa na matumaini ya kupata kile walichokiita kifyatuo cha mafuta, kitu kimoja ndani ya seli ambacho ukikigusa mafuta yanamiminika. Njaa ya nitrojeni na ya silika ilionekana ndiyo njia ya kukifikia.

Ripoti yao ya mwisho ilitoka mwaka 1998, na ni ndefu. Kuhusu njaa inasema bila kuficha: asilimia ya mafuta inapanda, lakini ukuaji unaanguka zaidi ya inavyopanda, hivyo mafuta yote yanayovunwa kwa siku hayaongezeki, yanapungua. Walijaribu hata kuingia ndani ya seli ya diatomu na kuongeza nguvu ya kimeng'enya kinachoanzisha kazi ya kutengeneza mafuta. Kimeng'enya kiliongezeka. Mafuta hayakuongezeka. Nje, huko Roswell katika jimbo la New Mexico, walichimba mabwawa mawili ya mita za mraba 1,000 kila moja. Kuna siku yalitoa gramu 50 kwa mita moja. Mkisikia mtu anataja 50, hiyo ilikuwa siku moja njema. Wastani wa mwaka ulikuwa karibu gramu 10, kwa sababu usiku wa jangwani ni baridi na mwani hulala. Sisi hatuna baridi hiyo, na katika hilo Pwani ina ubora wa kweli. Lakini tofauti ya 50 na 10 ni tofauti ya siku na mwaka, na bili ya umeme inakuja kila mwezi.

Nisiwaache mkidhani njaa haifai kabisa, maana hapo nitakuwa nimerudia kosa langu la makala, ila kwa upande wa pili. Mwaka 2009 watafiti wa Italia walichapisha kazi waliyoifanya nje, juani, kwenye vyombo bapa vya lita 110 vinavyopitisha mwanga. Walitumia Nannochloropsis ya baharini. Ilipopewa nitrojeni ya kutosha, kila lita ilitoa miligramu 117 za mafuta kwa siku. Iliponyimwa, ikatoa 204. Asilimia ilipanda kutoka 32 hadi 60, na mafuta yote ya siku yakapanda pia. Wakakadiria kwamba katika nchi za joto zenye jua jingi, hekta moja ingeweza kufikisha zaidi ya tani 30 za mafuta kwa mwaka.

Kwa nini Waitaliano walifaulu pale Wamarekani waliposhindwa? Jibu moja ni aina ya mwani: aina yao ilivumilia njaa bila kusimama upesi. Jibu la pili ni wakati na nafasi. Hawakuilea kwenye njaa tangu mwanzo. Mpango wao ni wa awamu mbili. Kwanza unaushibisha mwani mpaka uwe mwingi, kisha unauhamisha kwenye maji yasiyo na nitrojeni, ambako kila seli inapata mwanga wa kutosha, na huko ndiko unakonenepa. Mfugaji wa mbuzi wa Idi anaelewa. Hununui mwanambuzi wa wiki mbili ukaanza kumnonesha. Unamkuza kwanza, kunonesha ni kwa siku za mwisho. Lakini vyombo vile vina gharama kubwa kuliko bwawa la udongo, na zile tani 30 zilikuwa makadirio, si mafuta yaliyokwisha kujazwa kwenye mapipa. Mtu akikutajia hizo tani, muulize amezipima ama amezikadiria.

Na kuna waliojaribu kuidanganya seli. Kampuni ya mafuta ya ExxonMobil ilitangaza mwaka 2009 kwamba ingetumia zaidi ya dola milioni 600 kwenye mwani iwapo kazi ingeendelea vyema. Washirika wake, Synthetic Genomics, waliinyima Nannochloropsis nitrojeni na kuchunguza ni vinasaba gani vinavyobadilika inapoanza kunenepa. Wakakuta kimoja kinachofanya kazi kama breki ya mafuta. Wakakipunguza nguvu, na mwaka 2017 wakachapisha kwamba mwani ule sasa unatoa mafuta maradufu huku umelishwa na unaendelea kukua. Mnaona walichofanya? Walijifunza kutoka kwenye njaa ili wasihitaji njaa. Mimi nadhani hiyo ndiyo kazi ya busara kuliko zote nilizozisoma katika jambo hili. Kiasi chenyewe kilikuwa kama gramu 5 za mafuta kwa mita moja ya mraba kwa siku, maabarani. Na mapema mwaka 2023 iliripotiwa kuwa Exxon imeacha kuufadhili mradi huo. Kampuni yenye wanasayansi wa kila namna, yenye pesa kuliko bajeti ya kaunti zetu zote 47 zikijumlishwa, ilifika hapo ikasimama. Chama chenu kina akiba ya miaka mitatu.

Wazee mtaniwia radhi nikigusa kidonda. Mbono mnaukumbuka. Mti wa kuzungushia makaburi na maboma, ambao mbuzi hali. Miaka ya 2000 tuliambiwa mbono ni dhahabu ya kijani, kwamba unaota kwenye ardhi kavu bila mbolea na mbegu zake ni mafuta matupu. Watu walipanda, hapa na sehemu nyingine za Kenya. Mwaka 2009 shirika la Ujerumani la GTZ na wenzake, ICRAF wakiwemo, walizunguka mashamba nchini wakapima kilichovunwa. Walikuta mavuno ni madogo mno na mkulima mdogo hapati faida, wakashauri mbono upandwe kama ua na si vinginevyo. Mti ule kweli unavumilia ukame. Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba kuvumilia shida na kuzaa wakati wa shida ni kitu kimoja. Nikisikia mwani unasifiwa kwamba ukinyimwa ndipo unapotoa, masikio yangu yanasikia mbono.

Sasa nirudi kwa yule mtu wa mabwawa, maana huenda bado yuko na huenda ana nia njema. Simzuii mtu kufanya biashara halali. Ninachoomba ni kwamba akija kwenye kikundi chako, asilimia uiweke kando na umwombe gramu za mafuta, kwa mita ya mraba, kwa siku, wastani wa mwaka mzima ikiwemo miezi ya mvua. Akikupa asilimia tena, hajakujibu. Muulize mwani unashibishwa siku ngapi na unanyimwa siku ngapi, na je, siku za kushibisha amezihesabu kwenye wastani wake? Wengi huhesabu zile za kunenepa tu. Muulize ameonja maji ya hapa, ama anataja matokeo ya chupa iliyokaa chini ya taa maabarani. Muulize bwawa likivamiwa na mwani wa mwituni ama vijidudu vinavyoula, hasara ni ya nani.

Na mbolea. Kuna anayedhani kunyima ni bure. Kabla ya kuunyima lazima uukuze, na tani moja ya mwani mkavu ulioshiba inabeba nitrojeni ya karibu magunia matano ya CAN, kila gunia kilo 50. Kwa asilimia 20, tani hiyo inakupa kilo 200 za mafuta. Njaa inapunguza gunia kidogo mwishoni, hilo nalikubali, tena ni faida halisi. Ila mnajua bei ya gunia kuliko mimi.

Kuna jambo moja ambalo sikulitegemea nilipokuwa nikisoma, na nitalisema kwa sababu tuna mabwawa ya chumvi kule Gongoni na vijana huwa wananiuliza. Ipo biashara ya mwani na njaa iliyofanikiwa, lakini si ya mafuta ya gari. Kuna mwani uitwao Dunaliella, unaoishi kwenye maji ya chumvi kali. Ukipigwa na jua kali, chumvi nyingi na upungufu wa nitrojeni, hujijaza rangi ya machungwa, ileile ya karoti, inayonunuliwa na watengenezaji wa vyakula na dawa za lishe. Huko Australia, kwenye ziwa la chumvi la Hutt Lagoon, wameufuga kwa miaka mingi. Wao wanauza kwa kilo kitu ambacho wateja wananunua kidogokidogo kwa bei ya juu. Mafuta ya gari yanashindana na dizeli ya meli nzima inayotia nanga Mombasa. Sisemi twende tukafanye ya Australia. Nasema mtu akija na bwawa, muulize pia anauza nini.

Upande wa sheria ni mfupi. Mradi wa ukubwa huo unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira kupitia NEMA, na mkazi ana haki ya kusoma ripoti na kutoa maoni kabla leseni haijatoka. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 nayo inakupa haki ya kupata habari na kushirikishwa. Ukiambiwa na yeyote kwamba karatasi "zinashughulikiwa" na pesa zitolewe leo, njoo ofisi ya wadi kabla hujafungua sanduku la chama. Hatulipishi kuulizwa swali.

Yule kijana yuko hapa, nimemwona amekaa nyuma karibu na dirisha, na simtaji jina kwa sababu hakuniomba. Aliniambia juzi kwamba chama kitapiga kura Jumapili. Kura ni yao na pesa ni zao, na mimi si mwanachama. Nimempa hesabu ya yale mabwawa mawili kwenye karatasi, na nakala zipo pale mezani kwa anayetaka kwenda nayo kwenye kikundi chake. Kuna nafasi wazi ya kuandika tarakimu za yule anayekuja kuwauzia, ili mpige hesabu yake badala ya yangu.

Nusu saa imekwisha na nimepitisha dakika chache, mniwie radhi. Kipaza sauti kiko kwa dada yetu pale mbele. Mama umeinua mkono tangu nilipotaja mbono, karibu uanze wewe.